Paka wa Bi Kidawa Amesimama

Nchi hii usiitafute kwenye ramani. Ramani zake zote zilichukuliwa mwaka wa njaa kufungia vitumbua, na vitumbua vyenyewe wakala waheshimiwa. Ukitaka kufika, shika njia yoyote inayoteremka, nenda nayo mpaka usikie watu wanasema "tunashukuru" kabla hujawauliza neno. Hapo tua mzigo wako, umefika.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa na shida moja tu: ilitaka kujua kama wananchi wameshiba. Ikawauliza. Wananchi wakajibu wameshiba, kisha wakaomba unga. Ikawauliza tena, safari hii pamoja na askari. Wakajibu wameshiba sana, na hakuna aliyeomba kitu. Hata hivyo Mlezi Mkuu, aliyekuwa na mamlaka juu ya kila kitu mpaka mvua, hakuridhika. "Mtu anaweza kudanganya," alisema redioni. "Nitafutieni kiumbe asiyejua siasa." Kamati ya watu arobaini ikazunguka nchi miezi minane, ikala mbuzi mia mbili, ikarudi na jibu lenye neno moja: paka.

Paka, iliandika kamati, hana adabu. Akiwa na njaa hulia mbele ya mgeni. Kwa hiyo nyumba yenye paka mnene imeshiba, na nyumba yenye paka mwembamba inaichafua serikali. Ikatungwa sheria: kila nyumba paka mmoja, kila paka na kadi yake, na kila miezi mitatu Siku ya Mizani. Kata zote zikaajiri wapimaji.

Mpimaji wa Kata ya Tulieni alikuwa mjane wa makamo, jina lake Bi Kidawa. Alikuwa mkweli wa mizani. Si kwa ushujaa. Alizaliwa hivyo, kama mwingine anavyozaliwa na miguu mikubwa, akahangaika maisha yake yote kutafuta viatu. Nyumbani kwake hakuna mtu. Mumewe alipofariki, watu walikuja matangani siku tatu, wakala, wakakunja mikeka, wakaondoka. Aliyebaki ni Kibaruti, paka mweusi mwenye mguu mmoja mweupe, aliyeokotwa kwenye ghala la unga akiwa mdogo kama ngumi. Kibaruti ndiye aliyekuwa akimwamsha, akimsindikiza mpaka kizingitini, akimpokea jioni kwa matusi marefu kwa nini amechelewa. Mtu akimwambia "pole kwa upweke", Bi Kidawa alikuwa akishangaa: upweke gani?

Serikali haikuwaacha wananchi wahangaike na kulisha. Kiwanda cha Taifa kilitoa chakula cha kopo, Shibe Tele, chenye picha ya samaki anayecheka. Samaki waliobaki nchini walikuwa wawili tu: huyo wa kwenye kopo na mwenzake wa kwenye nembo ya taifa, wengine wote walikuwa wamekwenda ng'ambo kutafuta fedha za kigeni. Ndani ya kopo mlikuwa na mchuzi mzito wa unga wa mahindi, wanga wa muhogo, na harufu. Bei yake ilikuwa ndogo, kila nyumba iliimudu. Paka wakanenepa, mizani ikalia, na Mlezi Mkuu akalala usingizi.

*

Mwaka wa pili paka wakaanza kunywa maji. Walikunywa kwenye bakuli, kwenye ndoo, kwenye birika la udhu. Walikojoa mpaka mitaa ikanuka. Waziri wa Shibe, Mheshimiwa Fumbwe, mtu mwenye tumbo la kuaminika, akaja Tulieni kueleza jambo hilo.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Maadui walisema hatuna maji! Leo paka wetu wanakunywa kutwa, wanakojoa kama ng'ombe! Niambieni, paka wa nchi isiyo na maji angekojoa hivi?"

Wananchi wakapiga makofi kwa mkono mmoja pajani, maana wa pili ulikuwa umebana pua.

Mwaka wa tatu ukaja na lake. Paka mzima hutembea kwa ncha za vidole, kama mwizi. Hawa wa nchi hii nyuma zao zikashuka. Wakawa wanakanyaga kwa visigino, miguu ya nyuma imelala chini mpaka kwenye goti, kama mtu aliyeanza kusujudu akasahau katikati. Mheshimiwa Fumbwe akarudi mbio.

"Hata wanyama wasiopiga kura," alisema, na sauti yake ikakatika kwa machozi, akangoja picha ipigwe, akaendelea, "hata wanyama wanampigia magoti Mlezi Mkuu!"

Ukatoka waraka. Mkao ule ukaitwa Mkao wa Heshima, na kwenye fomu ya mizani magoti yakapewa alama nyingi kuliko kilo. Hilo lilikuja wakati mzuri, kwa sababu kilo zenyewe zilikuwa zimeanza kushuka: paka wanakula, wanalia, wanakula tena, na bado mifupa inatokeza. Swali jipya kwenye fomu lilisema: *Je, paka anapiga magoti?* Majibu yalikuwa mawili ya kuchagua: *Ndiyo*, na *Ndiyo kabisa*.

Na nyuma ya waraka likaja lori. La kijani, lenye turubai. Halikuwa na maandishi. Lilipita Tulieni kila baada ya wiki mbili tatu, na likishapita, kuna nyumba inakuwa na kufuli mlangoni, na majirani wanasema wamehamia kwa shangazi. Nchi ile ilikuwa na mashangazi wengi kupita kiasi.

*

Kibaruti alipiga magoti siku ya Ijumaa. Alitaka kurukia dirishani kama kawaida yake, miguu ya nyuma ikakataa, akaanguka, akamtazama Bi Kidawa kama anayeuliza nani amehamisha dirisha.

Jumamosi Bi Kidawa alimtia kikapuni, akamfunika kanga, akaenda ofisi ya mifugo. Daktari Mkude alikuwa mtu mrefu mwenye koti jeupe lililotoboka kiwiko, anayehesabu kupe kwenye sikio la mbuzi.

"Bi Kidawa," alisema bila kugeuka, "mimi daktari wa mifugo. Paka ni mtumishi wa umma. Mtumishi wa umma haumwi bila kibali."

"Sikuleta paka, daktari. Nimeleta ng'ombe."

"Ng'ombe gani anakaa kikapuni?"

"Mdogo."

Daktari akacheka kwa pua, akamfungulia mbuzi, akafunga mlango. Alimpapasa Kibaruti mgongo, akamvuta ngozi ya shingo, akanusa kinywa.

"Sisimizi wanakuja kwenye mkojo wake?"

"Wanapanga foleni, kama duka la sukari."

"Basi ndio ule."

"Upi?"

"Ule uliofutwa."

Bi Kidawa alikumbuka. Waraka namba kumi na tisa ulikuwa umefuta kisukari nchini kwa watu na wanyama, pamoja na sindano zake, na siku hiyo zilipigwa ngoma.

"Kwa hiyo nifanye nini? Nimwangalie tu afe kwa heshima?"

"Taratibu, mama, ukuta una masikio." Daktari alitoa kopo la Shibe Tele chini ya meza, akaligeuza nyuma. "Paka si mtu. Mtu ukimpa ugali mwili wake unajua la kuufanyia. Paka kaumbwa kwa nyama; unga kwake ni mgeni asiyeondoka. Sasa soma hapa. Nini wameandika?"

"Protini tano. Mafuta mawili. Maji sabini. Majivu mawili."

"Na wanga?"

"Hawakuandika."

"Hawaandiki. Lakini Mungu kaumba kila kitu kikiwa mia kwa mia. Jumlisha walivyokuambia, toa kwenye mia. Kinachobaki ndicho walichokuficha."

Bi Kidawa, mtu wa mizani, alipiga hesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Akapiga tena. "Ishirini na moja!"

"Na kopo lenyewe, sehemu kubwa ni maji matupu. Ukiyaondoa maji, unabaki na uji wa muhogo uliochorwa samaki. Tafuta kopo ambalo kinachobaki hakizidi mbili."

"Nitalipata wapi, na mimi mjane? Hivyo vizuri si ndivyo ghali?"

"Nani kakwambia? Usitazame bei, usitazame picha. Tazama nyuma. Kuna ghali yenye unga na rahisi isiyo nao. Ya mchuzi iache. Mchuzi unashikana kwa wanga. Chukua ya nyama iliyosagwa ikakandamizwa, hata kama imeandikwa ya watoto wa paka, si dhambi."

"Na zile punje kavu za gunia?"

"Hizo biskuti." Alimrudisha Kibaruti kikapuni kwa mikono miwili. "Badilisha polepole. Leo kijiko kimoja, kesho viwili. Paka mnene akigoma kula siku mbili tatu, ini linamwangusha. Na ukimwona paka wa jirani anakonda, usikimbilie kumpa hiki hiki. Mwingine ni figo, na figo zina masharti yake. Mlete nimwone."

"Atapona?"

"Miezi mitatu, akijaliwa. Magoti yataondoka."

Bi Kidawa alifika mlangoni, akasita. "Na akisimama, daktari?"

Daktari Mkude alimtazama mbuzi wa nje muda mrefu, kama mbuzi ndiye aliyeulizwa.

"Akisimama," alisema, "funga dirisha."

*

Duka la Taifa lilikuwa na rafu saba za Shibe Tele: ya paka wadogo, ya wazee, ya waja wazito, ya wapenda kuku, na kadhalika. Bi Kidawa alizigeuza zote nyuma. Ishirini na moja, ishirini na moja, ishirini na moja. Rafu ya juu kabisa, chini ya taa, ilikuwa na Shibe Tele Lishe ya Daktari, bei mara tatu, yenye picha ya mwanamume aliyevaa koti jeupe. Ishirini na mbili. Bi Kidawa aliwaza kwamba ile moja ya ziada labda ni koti.

Aliendelea kutafuta wiki nzima, mtaa kwa mtaa, mpaka kwenye duka la Sihaba, ajuza anayeuza nyembe, utambi na dawa ya mende. Nyuma ya madumu ya mafuta ya taa aliona makatoni matatu yenye vumbi.

"Hayo?" Sihaba alipuliza pua. "Ya watoto wa paka. Nyama ya kusaga, haina mchuzi, haina hata picha. Hakuna anayeyataka. Nakuuzia kwa nusu ya Shibe Tele uniondolee, yananibana."

"Hayajapita wakati?"

"Tarehe bado mwaka mzima. Wewe una paka mdogo?"

"Ana moyo mdogo," alisema Bi Kidawa, akageuza kopo. Protini kumi na moja, mafuta sita, maji sabini na tisa, majivu mawili. Alijumlisha, akatoa. Mbili.

Akabeba makatoni yote matatu kwa toroli, ameyafunika majani ya mgomba.

Kijiko kimoja, vijiko viwili. Wiki ya nne Kibaruti aliacha kunywa birika zima. Wiki ya sita sisimizi wakahama, wakaenda kwa jirani. Miezi mitatu ya chakula hicho ilipotimia, Bi Kidawa alikuwa anapepeta mchele uani aliposikia kishindo kidogo chumbani, akaenda kutazama.

Kibaruti alikuwa juu ya dirisha. Miguu minne, ncha za vidole, mkia wima kama mlingoti.

Bi Kidawa alikaa kitandani akalia, na kabla hajamaliza kulia akasikia sauti nje, ndogo, ya haraka.

"Shoga. Shoga! Funga dirisha. Paka wako amesimama."

*

Huyo alikuwa Mwashabani, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usio na mlango. Aliingia kwa kukimbia, akafunga dirisha mwenyewe, akamkodolea macho Kibaruti.

"Umemfanya nini?"

"Nimempa chakula."

"Chakula kinamsimamisha paka?"

Bi Kidawa alijua hapaswi kusema. Lakini mwenzake alikuwa na paka naye, Bwana Afya, dume la rangi ya chai lililokuwa likijikokota uani kama gunia. Akamweleza hesabu ya kinachobaki. Akampa na makopo mawili.

Mwashabani aliyarudisha. "Wangu na apige magoti, mie nipate usingizi. Lakini hesabu nimeipenda! Walahi simwambii mtu."

Kufika Alhamisi hesabu ilikuwa imezunguka kata nzima. Chakula hakikuwapo, makatoni ya Sihaba yalikuwa matatu tu nchi nzima, lakini hesabu hailiwi ikaisha. Watu wakawa wanaingia Duka la Taifa, hawanunui, wanageuza makopo nyuma na kutikisa midomo. Mtu asiyejulikana akakwaruza 21 kwenye makopo yote kwa msumari. Kisha wakaizoea, wakaanza kuitumia kwingine. Mheshimiwa akisema redioni kwamba barabara zimejengwa katika kata mia moja, watu wanahesabu za kwao, wanatoa, wanatazamana.

Jumatatu wizara ikatoa tangazo. Kutoa kumesimamishwa mashuleni na majumbani hadi uchunguzi utakapokamilika. Wananchi waendelee kujumlisha. Kuzidisha kunaruhusiwa kwa furaha.

Jumanne lori la kijani lilipita mchana kweupe, halikusimama Tulieni. Lilielekea upande wa ofisi ya mifugo.

Jumatano Bi Kidawa alikwenda, na kikapu kitupu kama kisingizio. Alikuta kijana mnene, kola imembana, anakunywa chai kwenye meza ile ile.

"Daktari Mkude yupo?"

"Nani?"

"Daktari wa hapa."

"Daktari wa hapa ni mimi. Hapajawahi kuwa na mwingine." Alipekua daftari, akamwonyesha kwa kidole. "Watumishi tisa tangu ofisi ifunguliwe. Tisa leo. Hesabu mwenyewe. Kwa kujumlisha."

Bi Kidawa alitazama. Majina yalikuwa tisa kweli. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia koti jeupe, refu mno kwa kijana yule, limetoboka kiwiko. Mbuzi mmoja nje alilia, akanyamaza.

"Asante, daktari," alisema. Njia nzima ya kurudi hakusalimia mtu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

*

Kisha likaja tangazo la Sherehe ya Magoti. Mheshimiwa Fumbwe mwenyewe angekuja uwanja wa Tulieni baada ya wiki mbili, kuona paka mia nne na kumi na wawili wakipiga magoti kwa pamoja. Aliyeleta barua alikuwa Katibu Tarafa Ndimbo, mwanamume mwembamba ambaye shati lake lilikuwa limelowa jasho hata Juni.

"Mpimaji, hawa wote ni *Ndiyo kabisa*, sivyo?"

"Nitawapima siku yenyewe, Katibu."

"Usinipime mimi presha. Lori litakuwepo. Unanielewa? Lina nafasi, na hawarudishi nafasi tupu."

Mwashabani alikuwa amesikia kupitia ukutani. Alikuja na Shibe Tele mkononi.

"Nisikilize, mwenzangu. Mpe haya siku kumi na nne. Miguu itashuka, utamtembeza mbele ya mkubwa, mkishamaliza unamponya tena. Si ulishamponya mara moja?"

Lilikuwa shauri la mtu mwenye akili. Bi Kidawa aliipokea Shibe Tele. Alifungua kopo, akamimina kwenye sahani ya bati, akaiweka sakafuni, akashika ukingo wa meza. Aliwaza koti kwenye msumari. Aliwaza mjane anayeingizwa kwenye turubai, na kufuli mlangoni, na watu wakisema amehamia kwa shangazi, na hana shangazi.

Kibaruti akaja, akanusa mchuzi. Akanusa tena. Kisha akaanza kukwangua sakafu kuizunguka sahani, kwa bidii, kwa adabu, upande huu na upande huu, kama paka anavyofukia alichokinya.

Bi Kidawa akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, naye Mwashabani akacheka.

"Simpi," alisema Bi Kidawa.

"Basi Mungu akulinde, shoga," alisema Mwashabani, akachukua sahani akampelekea Bwana Afya.

*

Siku ya sherehe jukwaa lilipambwa kwa makopo. Lori la kijani lilisimama nyuma yake, injini inaunguruma. Paka mia nne na kumi na mmoja walipangwa kwenye mikeka na wenye kadi zao, visigino chini, wanahema, na kati ya hotuba na hotuba ulisikia ulimi kwenye maji, ulimi kwenye maji, uwanja mzima.

Bi Kidawa alipima wote, kisha akafungua kikapu chake mwisho. Kibaruti akatoka. Akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akatembea katikati ya mkeka mwekundu kwa ncha za vidole, mkia juu, mpaka chini ya jukwaa. Akasimama.

Mheshimiwa Fumbwe alivaa miwani. "Huyu anafanya nini?"

"Amesimama, Mheshimiwa," alisema Bi Kidawa.

"Nani kamfundisha?"

"Hakufundishwa. Ana miguu."

Askari wawili walishuka ngazi, pasi haraka, kama watu wanaokwenda kuchukua mzigo wanaoujua uzito wake. Katibu Tarafa Ndimbo alilitazama lori, akamtazama paka, akalitazama tena lori. Na ninyi mnajua mtu anayezama hushika hata unyoya.

"Mheshimiwa!" alipiga kelele. "Ameinuka kukupokea! Mila zetu, mkubwa akiingia, mwenye adabu huinuka!"

Askari wakasita.

"Ameinuka," alirudia Mheshimiwa taratibu, na uso ukaanza kumchanua. "Kweli, ameinuka."

Ndimbo angeweza kuishia hapo. Nchi nzima ingemshukuru. Lakini mtu akishaokoka huona lazima apande juu kidogo.

"Ni hawa wengine, Mheshimiwa," alisema, akiinyooshea mikeka kidole. "Wewe umeingia, na wao wamekaa."

Mheshimiwa Fumbwe aliinua macho. Aliwatazama paka mia nne na kumi na mmoja, mkeka baada ya mkeka, nyuma zao chini. Ilionekana hajawahi kuwatazama hivyo.

"Wamekaa," alisema. "Tangu lini?"

"Siku nyingi, Mheshimiwa. Nilikuwa nafanya utafiti."

Ikaja hotuba, nayo ilikuwa fupi, na hotuba fupi katika nchi ile ndiyo ya kuogopa. Mkao wa Heshima tangu leo ni kusimama. Kukaa mbele ya taifa ni mgomo. Jumatatu ijayo kila paka atakaguliwa. Atakayekutwa chini atapanda lori, yeye na mwenye kadi yake. Mpimaji wa Tulieni, ambaye paka wake amekuwa mfano, anateuliwa Mpimaji Mkuu. Ataandika orodha na kutia sahihi.

Walimvisha Bi Kidawa nishani. Ilikuwa ya bati, imekatwa kwenye kopo. Alihisi ukingo wake kwenye ngozi.

"Mheshimiwa," alisema, karibu na sikio lake, "hawa hawajakaa. Wanaumwa."

"Wanaumwa nini?"

Aliufungua mdomo. Ugonjwa ulikuwa umefutwa, jina lake lilikuwa limefutwa, na aliyemfundisha hakuwahi kuwapo.

Mheshimiwa akampiga-piga begani kwa upole, kama baba. "Angalia, Mpimaji Mkuu," alisema, "usije ukakaa na wewe."

*

Alfajiri ya Jumanne Bi Kidawa alifungua mlango akakuta foleni. Ilianzia kizingitini, ikapita duka la Sihaba, ikakata kona. Kila mtu ana kitu ndani ya kanga, na kila kanga inahema. Wa kwanza alikuwa Mwashabani, amembeba Bwana Afya kama mtoto anayeungua homa.

"Shoga," alisema. Hakuwa na mdomo siku hiyo. "Nipe yale makopo mawili."

Bi Kidawa aliingia ndani akavuta katoni la mwisho kutoka uvunguni, akapanga makopo yake sakafuni na kuyahesabu. Makopo arobaini na moja. Nje, paka mia nne na kumi na mmoja. Daktari alisema miezi mitatu. Walipewa siku sita. Alianza kutoa, kwa mazoea, midomo ikitikisika, kisha akaacha. Kutoa kumekatazwa katika nchi ile, na kwa hiyo jibu lake halikuandikwa mahali popote.

Juu ya meza ilikuwa orodha, safi, mistari mia nne na kumi na mmoja, na kalamu ya serikali imelazwa juu yake. Aliichukua kalamu akaipachika nyuma ya sikio. Akafungua kopo la kwanza, akatafuta kijiko kidogo kuliko vyote nyumbani, akakaa kizingitini.

"Leo kijiko kimoja," alimwambia Mwashabani. "Kesho viwili."

"Na Jumatatu je?"

"Mshike kichwa vizuri, anatema."

Foleni ikasogea hatua moja. Nyuma ya Bi Kidawa dirisha lilikuwa wazi, na hakuna aliyesema lifungwe. Kibaruti alikuwa amesimama pale juu kwa ncha za vidole vyake vyote, masikio mbele, anatazama upande ule ambako malori hutokea.